Tanga la Kioo

Kipindi kimerekodiwa Lamu, chumba cha juu, baada ya sala ya alasiri. Wanaozungumza ni mjomba, seremala wa milango ya nakshi aliyewahi kufanya kazi ya mashua ujanani, na mpwa wake wa kike, anayetengeneza picha za vioo vya rangi.

MPWA: Asalaam aleikum wasikilizaji wetu. Shikamoo mjomba.

MJOMBA: Marahaba mwanangu. Waaleikumu salaam nyote. Naona leo umekuja na kitu kimefungwa kwa leso.

MPWA: Leso ya mama. Fungua polepole, ukingo wa chini bado haujatiwa fremu.

MJOMBA: Mashaallah. Hebu nikiinue dirishani. Hii ndiyo ile mashua?

MPWA: Hii ni ya tatu. Ya kwanza uliikataa.

MJOMBA: Sikuikataa. Nilisema haitembei.

MPWA: Basi tuanzie hapohapo, maana siku ile ndiyo iliyonifunza kazi hii kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimenunua kielelezo cha karatasi kutoka ng'ambo. Chombo cha bahari, mlingoti wima katikati, tanga dogo huku, tanga kubwa huku, na mnara wa taa nyuma. Nikakata vioo, nikalehemu, nikapiga nta, nikakuletea. Ukakitazama kwa muda mrefu, kisha ukaniuliza, "Upepo unaingia wapi?"

MJOMBA: Kwa sababu sikuuona. Mlingoti wa jahazi haukusimama kama mti wa bendera, mwanangu. Umeinamia omo, yaani mbele ya chombo. Foromali, ule mti unaobeba tanga, inaning'inia juu yake kwa mshazari: ncha ya mbele iko chini karibu na omo, ncha ya nyuma imepanda juu. Na tanga limefungwa kwenye foromali, halikufungwa kwenye mlingoti. Upepo ukilijaza linafanya tumbo, na lile tumbo ndilo linalokivuta chombo. Wewe ulichora hema.

MPWA: Nikarudi nyumbani nikakaa nalo. Siku ya pili nikaenda kukaa gatini asubuhi nzima na daftari, nikichora matanga tu. Ndipo nikaona jambo ambalo nimelipita tangu utotoni. Tanga halikuwa kitambaa kimoja. Ni mikanda ya kitambaa iliyoshonwa ubavu kwa ubavu, na jua likiwa nyuma yake, mishono inaonekana kama mistari myeusi.

MJOMBA: Naam. Mwanga ukipita kwenye kitambaa kimoja unapata weupe. Kwenye mshono kitambaa ni mara mbili, basi panakuwa na giza.

MPWA: Na hiyo ndiyo picha ya vioo! Vipande vya mwanga vilivyotenganishwa na mistari ya giza. Tangu siku ile nina kanuni moja. Kila mstari wa lehemu utakaouona katika kazi yangu, nataka uwe mstari uliopo kwenye kitu chenyewe. Mshono wa tanga. Mbao za ubavu wa mashua. Mzizi wa mkoko. Foromali. Kama mstari haupo kwenye kitu, nautafutia kitu kingine kinachopita hapo.

MJOMBA: Lakini wasikilizaji wengine hawajui kwa nini mistari hiyo iwepo. Mchoraji wa rangi na brashi hahitaji kutenganisha.

MPWA: Kweli. Ngoja nieleze. Kioo cha rangi, rangi yake iko ndani ya kioo chenyewe, haikupakwa juu. Iliingia kioo kilipokuwa kimeyeyuka. Kobalti inatoa buluu. Chuma kinatoa ule ujani wa chupa. Waridi iliyokolea inatoka kwa dhahabu, dhahabu ya kweli, ndiyo maana bei yake ni kali. Sasa ukitaka buluu ya maji ikutane na nyeupe ya tanga, huna budi kukata vipande viwili na kuviunganisha. Na kiungo kina unene. Kwa hiyo mstari haukwepeki. Unaloweza kuchagua ni upite wapi.

MJOMBA: Kama sisi na mlango. Ubao una upana wake, huwezi kupata mlango mzima kwa mti mmoja. Kiungo kitakuwepo. Fundi mzuri anakiweka chini ya mfaa wa katikati, na juu yake anachora nakshi.

MPWA: Ndivyo hasa. Na kioo kina ukaidi mwingine kuliko mbao: hakikubali kona ya ndani. Mbao unaweza kuikata kwa umbo la herufi L. Kioo ukijaribu, ufa utatoka kwenye ile kona uende moja kwa moja mpaka ukingoni. Si uzembe wa fundi, ndiyo tabia ya kioo. Chukua samaki. Pale kiwiliwili kinapokonda kabla ya mkia, maji yanayomzunguka yanafanya kona kali ya ndani. Kwa hiyo lazima kipande cha maji kikatwe hapo, mstari utoke shingoni mwa mkia mpaka nje. Wanaoanza wanaupitisha popote, na samaki anaonekana kama amechomwa mkuki. Mimi naufanya uwe jani la mwani linalopita nyuma yake, au mkunjo wa wimbi.

MJOMBA: Na pweza je? Maana nakuona unamzungukazunguka pweza mwaka wa pili huu.

MPWA: Pweza ana mikono minane, na kati ya kila mikono miwili kuna kona ya ndani. Na mikono yenyewe ni miembamba, imejipinda. Nimemchora mara nyingi. Jawabu nililofikia ni kuikata mikono vipande vifupi vifupi, kila pindo kipande chake, na kumlaza juu ya matumbawe ili nafasi kati ya mikono zijazwe na mawe madogo madogo. Hapo mistari inaonekana ni mipaka ya mawe. Lakini bado hajakaa vizuri. Sitamwonyesha mtu mpaka akae.

MJOMBA: Kasa ni rahisi zaidi.

MPWA: Kasa Mungu amemkata tayari! Hesabu magamba makubwa ya mgongoni mwa kasa wa kijani, au ng'amba: matano yamepanga mstari katikati, manne kila upande. Kumi na matatu. Kisha yale madogo ya ukingoni. Kila gamba lina mpaka wake. Mtu akiniuliza aanze na nini, namwambia aanze na kasa. Mistari yote ipo, na hakuna kona ya ndani iliyo mbaya ila pale vikono vinapotokea. Lakini ahesabu. Nimeona picha nyingi za kasa zenye magamba saba, tisa, yoyote tu, kama mpira.

MJOMBA: Mvuvi akiona picha hiyo atajua mara moja.

MPWA: Na mvuvi ndiye ninayemtengenezea. Mgeni atafurahia rangi tu. Mtu wa hapa atatazama kama kamba imefungwa mahali pake.

MJOMBA: Haya, tueleze namna ya kukata. Mimi nilidhani kile chombo kinakata kweli, kumbe sivyo.

MPWA: Mafundi wa madirisha wanakiita almasi, ingawa siku hizi ncha yake ni kigurudumu kidogo cha chuma kigumu sana. Hakikati. Kinachora jeraha juu ya uso wa kioo. Ukikipinda kioo, kinapasuka kufuata jeraha. Unachovya kigurudumu kwenye mafuta ya taa, unabonyeza kwa nguvu ileile toka ukingo mpaka ukingo, unasikia sauti kama kitambaa kinachochanwa. Mara moja tu. Ukirudi juu ya mstari uleule, unaliua gurudumu, na kioo nacho kitapasuka kinapotaka. Halafu usikiache kikakaa, pasua papo hapo. Kwa mstari mnyoofu mikono inatosha. Kwa mpindo natumia koleo la midomo mipana, naanzia huku kidogo, huku kidogo, mpaka ufa ukutane.

MJOMBA: Na miwani.

MPWA: Na miwani ya kinga, kila siku, hata kwa kipande kimoja. Kisha kuna kusaga kingo kwenye mashine ndogo yenye kinu cha vumbi la almasi, na hiyo lazima iwe na maji, ili vumbi la kioo lisipande puani. Baada ya hapo kuosha kwa sabuni, kukausha, na kuvisha utepe.

MJOMBA: Utepe wa shaba.

MPWA: Shaba nyekundu, nyembamba kama karatasi, ina gundi upande mmoja. Unazungusha ukingo wote wa kipande. Kwa kioo cha milimita 3, natumia utepe wa milimita 5.6, hivyo inabaki milimita 1.3 hivi ya kukunja kila uso. Unausugua kwa kijiti mpaka ulale kabisa. Sababu ya utepe ni kwamba lehemu haishiki kioo hata kidogo, inashika shaba. Basi kila kipande unakivalisha nguo ambayo lehemu inaijua.

MJOMBA: Na hii ndiyo njia ya zamani?

MPWA: Ya zamani zaidi ni kanda za madini ya risasi zenye mfereji pande mbili, kioo kinaingia kwenye mfereji. Makanisa ya Ulaya yote ya zamani ni hivyo, na kwa dirisha kubwa bado ndiyo njia nzuri. Utepe wa shaba ulipata umaarufu Marekani mwishoni mwa karne ya 19, kwenye karakana za Louis Comfort Tiffany. Na nataka nimtaje Clara Driscoll, maana kwa miaka mingi taa za vioo zilizotoka huko zilijulikana kwa jina la mwenye karakana tu. Huyu mama aliongoza idara ya wanawake waliochagua na kukata vioo, na taa kadhaa zinazopendwa zaidi ni ubunifu wake. Watu walikuja kulijua hilo vizuri barua zake ziliposomwa, miaka mingi baada ya kufa kwake.

MJOMBA: Allah. Kazi ya mtu inakaa gizani hivyo.

MPWA: Ndiyo. Sasa faida ya utepe ni kuwa unakubali vipande vidogo sana. Jicho la jahazi kwenye picha hii lina upana wa kucha yangu, kwa kanda ya risasi nisingeliweza.

MJOMBA: Nimelitazama jicho hilo. Umeweka omo mahali pake, nimefurahi. Bila jicho chombo hakioni njia.

MPWA: Ulinionyesha mwenyewe kwenye lile jahazi lililopandishwa ufukweni. Mviringo, na ndani yake mwezi na nyota. Mwezi ule ulinitesa, kwa sababu mwezi mwandamo ni kona ya ndani tupu. Nikaugawa vipande viwili.

MJOMBA: Umeugawa katikati, kwenye unene. Sikuuona mstari mpaka uliponiambia.

MPWA: Sasa mjomba, kuna jambo kubwa zaidi kuhusu picha za bahari, nalo ni upeo. Kila anayechora bahari anataka ule mstari mrefu pale maji yanapokutana na mbingu. Akiuweka kutoka ukingo mpaka ukingo, amejitengenezea bawaba. Ukiinua picha, itajikunja palepale kama kitabu, na utepe utachanika kwenye kioo. Lehemu ni laini, haiwezi kubeba mstari mnyoofu mrefu peke yake.

MJOMBA: Unafanyaje?

MPWA: Nikatoka nje nikatazama! Ukikaa mbele ya mji wetu, huoni upeo. Unaona kisiwa cha Manda. Unaona mikoko ya Manda, ukingo wake unapanda na kushuka, hapa mti mrefu, hapa uwazi. Tanga likipita linaukata. Ule mstari mnyoofu sikuuhitaji kabisa, niliukopa kwenye vitabu vya watu wengine. Picha hii uliyoishika haina upeo, na ndiyo maana ni ngumu mkononi.

MJOMBA: Ni kweli, haijikunji.

MPWA: Anayekaa Malindi, anayeona bahari wazi, yeye upeo anao. Basi aukate kwa tanga, au kwa povu la mwambani. Ikishindikana, atie ukanda mwembamba wa shaba ngumu ndani ya kiungo kabla ya kulehemu, ukisimama kwa ubavu wake.

MJOMBA: Nikuulize juu ya rangi. Maji haya umeyafanya kijani kama chai ya mwarobaini. Watu wanataka bahari ya buluu.

MPWA: Mlango wa bahari wetu maji yakipwa yana rangi gani, mjomba?

MJOMBA: Kijani, na tope kidogo upande wa mikoko. Ukifika Shela yanasafika.

MPWA: Basi ndiyo hiyo. Buluu kali nimeiweka kipande kimoja tu, kule juu, pale mkondo una kina. Kipande kimoja cha kobalti kikizungukwa na kijani hafifu kinalia peke yake. Ukijaza buluu picha nzima, hakuna kinachosikika. Na kioo chenye mistari ndani yake, ile rangi iliyochanganyika ikaacha nyuzi, lazima uangalie nyuzi zinaelekea wapi. Kwa maji nazilaza. Kwa mwani nazisimamisha. Nusu ya kazi ni kugeuzageuza kioo dirishani kabla ya kukata.

MJOMBA: Na samaki? Nakumbuka ulikuwa ukienda kwa wavuvi alfajiri.

MPWA: Kwa sababu samaki akikaa, rangi inaondoka. Pono akitoka majini ana kijani na buluu na waridi usiyoweza kuipa jina. Jua likipanda, juu ya meza ya soko, amekuwa wa kijivu. Nikimchora sokoni nachora maiti. Kwa hiyo nilikwenda na mfuko wa vipande vidogo vya kioo, nikaviinua karibu na samaki bado mbichi, nikaandika namba ya kila kioo. Wavuvi walinivumilia sana. Mmoja alianza kunichagulia, "Hiki siyo, hiki ndicho." Na alikuwa na haki kila mara.

MJOMBA: Anawajua kuliko wewe.

MPWA: Kuliko mimi, naam. Changu, tafi, kila mmoja ana jina lake la rangi kichwani mwake.

MJOMBA: Vioo hivi unavipata wapi?

MPWA: Vile vya rangi vingi vinatoka ng'ambo, naviagiza vinafika Mombasa, kisha njia ya kuja hapa, na kila kipande kinachovunjika njiani ni machozi. Situpi kitu. Vipande vya ukubwa wa kunde navihifadhi kwenye mikebe. Hapa nchini Kitengela, kusini ya Nairobi, kuna kazi ya vioo aliyoianzisha Nani Croze, wao wanatumia sana kioo kilichokwisha tumika. Mimi ya kutumika tena ninayo ya bure, iko ufukweni.

MJOMBA: Vichupa.

MPWA: Vipande vya chupa vilivyosuguliwa na mchanga na maji mpaka vikapoteza makali. Kijani, kahawia, vyeupe. Uso wake umefifia, kama umepuliziwa pumzi, na mwanga ukipita hautoi picha ya nyuma, unatawanyika. Kwa povu la wimbi hakuna kioo cha dukani kinachokaribia. Angalia hapa chini ya omo.

MJOMBA: Nilidhani ni kitu umekiagiza!

MPWA: Chupa ya soda ya miaka mingi. Lakini viloweke kwanza kwenye maji baridi, siku kadhaa, ukibadilisha maji. Chumvi imeingia kwenye vitundu vya uso. Usipoitoa, gundi ya utepe haishiki, na ikishika, chumvi itaila shaba kutoka ndani na utaona ukijani unatokeza pembeni ya mstari.

MJOMBA: Chumvi inanileta kwenye fremu. Hilo lilikuuma.

MPWA: Liliniuma. Picha ya pili, niliyompa mama, niliifungia fremu ya chuma. Niliipaka rangi nikadhani imesalimika. Dirisha la mama linatazama maji. Kutu ikaingia kwenye pembe, na kutu ni nene kuliko chuma kilichoizaa. Ikavimba, ikakisukuma kioo, tukaamka siku moja kasa ana ufa toka kichwani mpaka mgongoni. Mama hakusema kitu. Aliiacha palepale, na mpaka leo iko na ufa wake, kila nikiingia naiona.

MJOMBA: Ndipo nikakukatia mbambakofi.

MPWA: Ukanikatia mbambakofi, kwa skrubu za shaba. Na nafasi.

MJOMBA: Nafasi ndiyo siri. Mbao inavuta unyevu ikivimba, inakauka ikinywea. Ukikibana kioo kisipumue, itakivunja vilevile kama chuma, ila polepole. Nimekuachia milimita mbili kila upande, ukaziba kwa chokaa laini iliyokandwa na mafuta ya kitani.

MPWA: Na mistari yenyewe naipiga nta, kisha kila wiki mbili nafuta kwa kitambaa kilicholowa maji ya kunywa. Upepo wa kusi ukivuma, kila wiki. Usipofanya hivyo lehemu inatoka unga mweupe. Ni kazi ndogo, lakini mtu anayekununulia mwambie mapema.

MJOMBA: Mwambie pia juu ya risasi.

MPWA: Hilo nalisema kwa uzito. Lehemu ya kawaida ya kazi hii ni 60 kwa 40, sehemu 60 stani, sehemu 40 risasi. Inaanza kulainika kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi, inatiririka vizuri sana, ndiyo maana inapendwa. Lakini risasi ni sumu, na kwa mtoto ni mbaya zaidi, inaharibu ubongo unaokua. Dada yangu alipokuwa mjamzito nilihamisha meza nzima kutoka nyumbani. Sili wala sinywi mezani. Nguo za kazi haziingii chumba cha kulala. Naosha mikono mpaka viwiko kabla ya kumgusa mtoto. Moshi unaouona ukipanda ni wa ile dawa ya kusafishia shaba, nao unachoma kifua, kwa hiyo dirisha wazi na feni ikivuta nje. Kwa vitu vya kushikwa na watoto natumia lehemu isiyo na risasi. Inahitaji joto zaidi, kama 220 hivi, na inashika kwa ukaidi, lakini moyo unatulia.

MJOMBA: Vizuri. Sasa nataka kusema langu, nimelibeba wiki nzima. Picha hizi unazitundika dirishani. Lakini nyumba zetu za zamani hazina madirisha ya nje ya kusemeka. Mwanga unaingia kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani, unashuka kutoka juu. Sisi tuko karibu na ikweta, adhuhuri jua liko utosini. Kioo kikisimama wima hapo hakipati kitu.

MPWA: Nimeliona hilo. Adhuhuri picha inakufa. Inafufuka asubuhi tu, upande wa maji.

MJOMBA: Unaijua kamaria, ile dirisha ya rangi ya Yemen?

MPWA: Nimeziona picha zake. Mjini Sanaa, juu ya madirisha ya zile nyumba ndefu.

MJOMBA: Jina lake linatoka kwa mwezi, qamar. Zamani waliweka jiwe jembamba la alabasta, mwanga unapita kama wa mwezi. Baadaye wakaingiza kioo cha rangi. Na hawatumii risasi wala shaba. Wanamimina jasi iwe ubao, na ikiwa bado mbichi wanaichonga kwa kisu, nakshi nzima. Kisha vioo wanavilaza nyuma ya matundu na kuvishika kwa jasi nyingine. Na matundu wanaweza kuyakata kwa mshazari, yatazame chini.

MPWA: Ili mwanga wa juu umfikie aliyekaa.

MJOMBA: Umfikie aliyekaa mkekani! Sasa niambie, mji huu ni nani asiyejua kuchonga chokaa? Zidaka zile za ndani, vishubaka vya ukutani, matabaka kwa matabaka, mafundi wetu walizichonga kwa mkono. Watu wa Hadhramaut, hukohuko Yemen, wamekaa nasi karne na karne. Na kioo pia si kigeni hapa. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Manda, hapo ng'ambo tu, alikuta vipande vya vyombo vya kioo vilivyokuja na biashara zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Na kule Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, zilikutwa shanga za kioo. Vitu viwili hivi, chokaa na kioo, tunavyo tangu zamani. Ila sijaona mtu wa hapa aliyevikutanisha ukutani.

MPWA: Unguja wameweka vioo vya rangi juu ya milango na madirisha. Ile zahanati ya zamani ya mfanyabiashara Tharia Topan inavyo.

MJOMBA: Unguja ni kwenye mbao, mtindo wa Kihindi, mzuri sana. Mimi nasema kwenye chokaa. Mstari wako mweusi unakuwa mstari mweupe, mnene.

MPWA: Ngoja. Mstari ukiwa mweupe na mnene, mshono wa tanga hauwezi kuwa hivyo. Utakuwa mzito mno.

MJOMBA: Basi usifanye tanga.

MPWA: Nifanye... matumbawe. Matumbawe ni meupe, ni manene, yana matundu. Ukuta wenyewe ni wa mawe ya matumbawe! Chokaa nayo imechomwa kutoka kwa matumbawe. Mstari unakuwa ni tumbawe lenyewe, na kioo kinakuwa maji na samaki wanaopita matunduni.

MJOMBA: Sasa unaona.

MPWA: Na pweza, mjomba. Pweza anakaa tunduni. Sihitaji mikono minane. Mkono mmoja tundu hili, mwingine tundu lile, jicho hapa. Zile kona zote za ndani zinaziba kwa chokaa.

MJOMBA: Miaka miwili umemzunguka.

MPWA: Subhanallah. Nipe penseli hiyo. Ubao uwe na unene gani?

MJOMBA: Tuanze na vidole vitatu. Tunaweka juu ya mlango wa msana, ule ukumbi unaotazama kiwanda. Matundu nayakata kwa mshazari, lakini sijui mshazari kiasi gani. Itabidi tulipime jua.

MPWA: Kesho adhuhuri?

MJOMBA: Kesho adhuhuri, na tena saa tisa. Njoo na kamba na kipande cha ubao, tukae mkekani tutazame linapoangukia. Na uje na vile vichupa vya kijani, viloweke leo.

MPWA: Viko majini tangu Jumatatu.